Pima godoro kwa mzani: mwongozo kamili wa kuchagua, kujaribu na kutunza godoro la sponji

Nikienda kununua sponji nabeba vitu vitatu: futi kamba, gololi moja, na mzani mdogo wa ndoano, ule wanaopimia samaki. Wauzaji walionizoea hawasemi kitu. Mgeni hushangaa. Kuna kijana aliniuliza, "Kaka, godoro nalo linapimwa kilo?" Nikamwambia tulipime tuone. Lilikuwa futi 5 kwa 6, unene inchi 8, na kwenye kitambaa limechapwa herufi kubwa HD, kifupi cha Kiingereza cha "high density", yaani sponji nzito. Tukalikunja, tukalifunga kamba, tukalining'iniza. Mshale ukasimama kilo 11 na kidogo. Nikatoa kilo moja na kidogo ya kitambaa, nikabaki na 10. Godoro la ukubwa ule, kama kweli ni HD, lilipaswa kukaribia 15 au kupita.

Kazi yangu ni kushona makochi na kukata sponji. Nimefumua makochi na magodoro mengi, na kosa ninalokutana nalo ni lile lile. Mnunuzi anabonyeza kwa ngumi, akikuta pagumu anaridhika na kulipa. Ugumu si ubora. Sponji inaweza kuwa ngumu leo kwa sababu ya dawa zilizochanganywa kiwandani, huku ndani imejaa hewa tupu. Baada ya miezi minane bonde linajichora katikati, mgongo unaanza kuuma, na mwenyewe anadhani ni umri.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Nimeandika kwa ajili ya anayenunua godoro la nyumbani, lakini sehemu ndefu nimeitenga kwa anayeuguza mtu asiyeweza kujigeuza. Huko ndiko godoro baya linakoumiza kweli, na nitaeleza nilivyojua.

Hatua ya 1: Jua kilichomo ndani

Wazee wetu walilalia sufi, pamba, makumbi ya nazi au majani makavu. Sufi ni laini ajabu, ila mwaka wa pili inakuwa mabonge, na kila msimu wa jua mtu anafumua godoro, anachambua, anaanika, anashindilia upya. Sponji ilituondolea kazi hiyo.

Sponji ya kawaida ni poliyurethani. Kemia yake iligunduliwa mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, na magodoro yake yakaanza kuenea miaka ya 1950. Kiwandani wanakutanisha vimiminika viwili vikuu, poliyoli na isosayaneti, pamoja na maji kidogo. Maji yakigusana na isosayaneti hutoa hewa ya ukaa, na mchanganyiko unaumuka kama unga wa maandazi uliotiwa hamira, ila huu unamaliza kuumuka ndani ya dakika chache. Bonge linalotoka ni kubwa kama kontena dogo, na moyo wake unapata joto kali kupita maji yanayochemka. Ndiyo maana hawalikati siku hiyo hiyo. Huachwa lipoe kama siku nzima, maana likirundikwa bado la moto linaweza kujiwasha lenyewe.

Kwa hiyo unachonunua dukani ni plastiki na hewa. Densiti ni kipimo cha plastiki uliyopewa katika nafasi ile: kilo ngapi kwa kila mita moja ya ujazo. Sponji ya densiti 18 ina kilo 18 tu, ya 30 ina kilo 30. Kuta za vitundu vya ile ya 30 ni nene zaidi, kwa hiyo zinakunjwa na kukunjuka maelfu ya usiku kabla ya kuchoka.

Zipo aina nyingine utakazokutana nazo.

Ile ya mnepo mkubwa, ambayo mafundi tunaiita HR, inarudi haraka ukiibonyeza na inabeba zaidi kadiri unavyozama. Kwa kochi na kwa mtu mzito ndiyo ninayoipenda.

Sponji ya memori ilianzia mbali na kitanda. Mwaka 1966 mhandisi Charles Yost, akifanya kazi kwa mkataba na kituo cha Ames cha shirika la anga la Marekani, NASA, alikuwa anatafuta kitu cha kuwekwa kwenye viti vya ndege kipunguze mshtuko. Sponji yake ililainika kwa joto la mwili na kurudi polepole. Waswidi ndio walioifanyia kazi hadi ikawa godoro, na ikaingia sokoni mwaka 1991. Kwa sababu inafuata joto, tabia yake inabadilika kwa mahali. Njombe au Limuru mwezi Julai unaipanda ikiwa ngumu kama udongo, inakuchukua dakika kadhaa kuilainisha. Dar es Salaam au Mombasa inakumeza na kukukumbatia kwa joto. Pwani nashauri tabaka la inchi 2 tu juu, na lenye matundu yaliyopita chini hadi juu. Ile yenye jeli ya kupoza inapoza kweli ukiigusa, lakini jeli nayo inapata joto la mwili wako, na baada ya muda imekuwa sawa na wewe. Singelipia zaidi kwa ajili yake.

Lateksi inatokana na utomvu wa mpira uliopigwa hadi ukatoa povu na kupikwa. Watafiti wa kampuni ya Dunlop, Uingereza, ndio walioanzisha njia hiyo mwaka 1929. Ni nzito, inadumu, na ni ghali.

Mwisho kuna sponji ya vipande: makombo ya kiwandani yaliyosagwa, yakatiwa gundi na kushindiliwa. Utaijua kwa rangi zake za mchanganyiko. Ni nzito sana, ngumu, na wengi huiuza kama godoro la mgongo. Kama tabaka la chini inafaa. Kuilalia moja kwa moja simshauri mtu.

Rangi isikushughulishe. Nyeupe, njano, waridi au buluu ni rangi ya kuongezwa tu. Hata sponji nzuri nyeupe ikikaa kwenye mwanga itageuka njano.

Hatua ya 2: Utazame mwili utakaolala

Kabla ya kwenda dukani jiulize unalalaje. Anayelala ubavu anaweka uzito kwenye bega na nyonga. Anahitaji juu palainike, la sivyo bega halina pa kuingia na mkono unakufa ganzi. Anayelala chali anahitaji kiuno kijazwe. Anayelala kifudifudi anahitaji pagumu zaidi kuliko wote, maana tumbo likizama uti wa mgongo unapinda kama chelewa.

Hili la kwamba mgongo unaouma unataka godoro gumu kama ubao limetuumiza sana. Hispania walilijaribu kwa watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Nusu walipewa magodoro magumu, nusu ya ugumu wa kati, wakafuatiliwa siku 90. Waliolalia ugumu wa kati ndio waliopata nafuu zaidi. Mwili una mabonde na vilima. Ubao unagusa vilima peke yake.

Uzito nao una sauti. Kwa kazi yangu, mtu mzima wa kilo 50 au 60 anatosheka na sponji ya densiti 25, unene wa inchi 6. Wa kilo 80 au 90 aanzie 30 na inchi 8. Wakiwa wawili, hesabu kwa yule mzito. Densiti chini ya 20 mwekee mtoto mdogo au mgeni wa siku mbili tatu.

Hatua ya 3: Mzani

Hii ndiyo hatua ambayo ukiifanya peke yake umeshaokoa pesa yako. Pima urefu na upana kwa futi, kisha unene kwa inchi. Unene upime mwenyewe, katikati na pembeni, maana inchi 8 za maneno mara nyingi ni 7 za futi kamba. Zidisha futi kwa futi kwa inchi, ugawe kwa 12. Umepata futi za ujazo.

Sasa pima kilo, toa kilo moja au moja na nusu ya kitambaa (godoro lenye kitambaa kinene cha kushonwa na pamba toa mbili), gawa kwa zile futi za ujazo, kisha zidisha kwa 35.3. Jibu ndilo densiti.

Turudi kwa godoro la yule kijana: 5 × 6 × 8 ÷ 12 ni 20. Kilo 10 ÷ 20 ni 0.5. Mara 35.3 tunapata 17.65. Densiti 18 imevalishwa nguo ya HD. Kijana mwenyewe hakujua, aliletewa hivyo.

Usiyependa hesabu, nakili uzito huu wa sponji tupu ya densiti 25 uende nao:

Futi 3.5 × 6, inchi 6: kilo 7.4
Futi 4 × 6, inchi 6: kilo 8.5
Futi 5 × 6, inchi 8: kilo 14.2
Futi 6 × 6, inchi 8: kilo 17
Futi 6 × 6, inchi 10: kilo 21.2

Kwa densiti 30 ongeza sehemu moja ya tano. Memori na lateksi zina viwango vyao: memori ya chini ya 40 haikai na umbo, tafuta 50, na lateksi kwa kawaida ni 65 hadi 80.

Mzani unaweza kudanganywa kwa njia moja, na ni vizuri uijue. Baadhi ya watengenezaji huchanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili iwe nzito. Fungua zipu, au omba kipande cha sampuli, ukifikiche kwa nguvu juu ya kitambaa cheusi. Ukiona unga mweupe, achana nalo. Sponji ya chokaa pia inachanika kirahisi ukiivuta pembeni, na inakatika kavu kama mkate wa jana.

Hatua ya 4: Gololi, goti, na robo saa

Gololi ni maabara ya mfukoni. Kwenye viwanda wanadondosha kijipira cha chuma cha milimita 16 kutoka sentimita 50 na kutazama kinadunda juu kiasi gani. Fanya vivyo hivyo kwenye sponji iliyo wazi, kitambaa kikiwa kimefunuliwa, rula imesimama pembeni. Ya kawaida inarudisha gololi karibu sentimita 20. HR inairudisha 28 na zaidi. Memori haiirudishi, gololi inatua na kutulia. Sponji inayouzwa kama HR na gololi inakufa pale pale, umepata jibu.

Baada ya hapo piga goti katikati ya godoro, uzito wako wote. Kiganja kinakuambia habari za juu tu, goti ndilo linalofika ndani. Godoro zuri linakupokea kwa ulaini kidogo, kisha kadiri unavyozama linazidi kukusukuma. Goti likishuka moja kwa moja hadi ubaoni, hakuna sponji hapo. Maabara nao hupima hivi hivi: wanaikandamiza sponji robo ya unene wake, halafu asilimia 65, na nguvu ya pili ikiwa mara mbili au zaidi ya ile ya kwanza wanasema inabeba.

Halafu lala. Vua viatu, tandika kanga yako au nailoni, ulale kwa namna unayolala nyumbani, dakika 15 kamili. Ukiwa chali pitisha mkono chini ya kiuno. Ukipita kwa urahisi na kuacha uwazi, ni gumu mno kwako. Usipopita kabisa na unahisi makalio yamezama, ni laini mno. Ukiwa ubavu, mwombe uliyekuja naye atazame mgongo wako kwa nyuma: mstari kutoka shingoni hadi mkiani uwe umenyooka, usipinde kuelekea chini wala juu. Nimeshuhudia mke akimtazama mumewe hivyo dukani, akacheka, akasema, "Baba Asha, umekuwa ndizi." Wakachukua la pili.

Magodoro mengine siku hizi huja yamenyonywa hewa na kuviringishwa kama mkeka. Hayo huwezi kuyajaribu dukani. Omba uzito na densiti kwa maandishi kwenye risiti, lifungue siku ile ile ulipofika nyumbani, liache siku moja hadi tatu lijae, kisha lipime. Usiliweke stoo miezi likiwa limebanwa, sponji inasahau umbo.

Hatua ya 5: Chaga

Nimeitwa nyumba nyingi kutazama godoro "lililobonyea", nikakuta godoro zima na chaga tatu zimevunjika. Kabla ya kulaumu sponji, itoe, ukague mbao. Kati ya chaga na chaga pasizidi inchi 3. Mafundi wengi wa vitanda wanabana mbao wakaacha inchi 5 au 6, na sponji inaingia kwenye nafasi hizo kama unga kwenye chekeche. Ongeza chaga, au weka ubao wa plaiwudi wenye matundu.

Godoro likikaa sakafuni, hasa kwenye saruji, jasho la usiku linashuka chini na halina pa kutokea. Baada ya wiki kadhaa geuza uone madoa meusi ya ukungu. Kama huna kitanda bado, tumia mapaleti, au lisimamishe ukutani kila asubuhi.

Hatua ya 6: Godoro la mtu asiyeweza kujigeuza

Mama yangu alipata kiharusi upande wa kulia. Mimi, fundi wa sponji, nikamnunulia godoro gumu kuliko yote, nikiamini namsaidia mgongo. Wiki ya tatu, dada yangu akimwogesha, akaniita nitazame kisigino chake. Palikuwa na alama ndogo kama shilingi, nyeusi kuliko ngozi, pamejaa kidogo, na pa moto kuliko pembeni. Nilipopabonyeza Mama akasema, "Mwanangu, hapo taratibu." Nesi aliyekuja kesho yake akasema kidonda cha kulalia kimeshaanza ndani, juu bado hakijafunguka. Kiliponywa, lakini miezi miwili nilijifunza kile ambacho miaka yote ya kukata sponji haikunifundisha.

Mfupa ukikandamiza ngozi kwenye kitu kigumu, damu haipiti. Saa chache zinatosha kuua nyama iliyo katikati. Mtu mzima wa afya hujigeuza usingizini bila kujua. Mgonjwa hawezi. Sehemu za kuangaliwa kila siku ni kisigino, mfupa wa juu ya makalio, nyonga, kifundo cha mguu, bega, kiwiko na nyuma ya kichwa. Kwenye ngozi nyeusi usingojee wekundu. Tafuta palipokolea rangi au kuwa na zambarau, joto, ugumu, au maumivu. Ukiona, muone nesi au daktari siku hiyo hiyo, maana godoro linazuia kidonda, haliponyi.

Hospitali zina magodoro ya hewa yenye mashine, ambayo vifuko vyake hujaa na kupungua kwa zamu ili sehemu za mwili zipokezane mzigo. Ukiweza kuyapata na umeme ni wa kuaminika, ni mazuri. Tafiti zilizolinganisha sponji bora na godoro la kawaida la wodini zimeonyesha kwamba sponji bora nayo inapunguza vidonda hivyo, na hii unaweza kuijenga nyumbani.

Nilivyomjengea Mama: chini inchi 4 za sponji ya densiti 30, ngumu ya wastani. Juu yake inchi 3 za sponji laini ya HR. Memori nayo inafaa, ila kwetu ni joto na jasho ni adui wa ngozi. Sehemu ya kisigino nilikata mteremko, unene ukapungua polepole kuelekea miguuni, ili visigino vibaki hewani na mto chini ya vigimbi vya miguu. Usigandishe matabaka kwa gundi nyingi, inaganda na kufanya uso mgumu. Nilizungusha mfuko tu.

Mfuko wenyewe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Uwe wa kitambaa kinachovutika, kisichopitisha maji, na uwe mlegevu. Kitambaa kilichokazwa kama ngoma kinambeba mgonjwa juu juu kama machela, sponji ya chini haifanyi kazi yoyote. Shuka nayo usiifinye pembeni.

Sasa kipimo ambacho nesi alinifundisha, na ninakiona kama zawadi. Mgonjwa akiwa amelala, pitisha mkono wako kati ya godoro na kitanda, kiganja kikitazama juu, mahali penye mfupa wa juu ya makalio. Nyanyua vidole kidogo. Ukihisi mfupa, au ukihisi sponji iliyobaki ni chini ya inchi moja, sponji imefika mwisho na mgonjwa amelalia ubao. Rudia kila wiki, maana sponji inachoka pale pale. Kwa kiti cha magurudumu fanya hivyo hivyo chini ya mto wa kukalia, kwenye mifupa miwili ya makalio.

Bado umgeuze. Kwa Mama tuliandika ratiba ukutani kila saa mbili: kushoto, chali, kulia. Ukimlaza ubavu, asilale moja kwa moja juu ya nyonga. Mwegemeze kwa mto nyuma ya mgongo, awe kati ya chali na ubavu. Kichwa cha kitanda kisiinuliwe sana muda mrefu, maana mwili unateleza chini na ngozi inabaki juu, inachanika ndani kwa ndani. Na ile pete ya mpira au tairi dogo la hewa ambalo watu hulaza makalio juu yake, liondoe. Katikati panaonekana pamepumzika, lakini ukingo wake unabana damu pande zote.

Sponji yenye vilima kama trei ya mayai inauzwa kwa bei nzuri na wengi hunipigia simu kuiulizia. Inapitisha hewa na inafaa juu ya godoro zuri. Peke yake, inchi 2 za vilima haziwezi kumbeba mtu mzima. Fanya kipimo cha mkono utaona.

Hatua ya 7: Kulitunza

Toa nailoni ya dukani. Najua inalindia, najua mtoto bado anakojoa. Lakini nailoni inarudisha jasho lote kwako, na chini yake ukungu unastawi. Kwa mtoto nunua mfuko usiopitisha maji wenye zipu, au shona, uvuliwe na kufuliwa.

Mkojo ukimwagika, kandamiza kwa taulo kavu uunyonye, usisugue. Futa kwa maji yenye sabuni kidogo, nyonya tena, lisimamishe penye upepo. Usiloweke godoro zima, ndani linakauka baada ya siku nyingi au halikauki kabisa. Na kuanika ni kivulini. Mionzi ya jua inaila sponji tupu, inakuwa njano kisha inatoka vumbi. Ukiwa lazima uanike juani, kitambaa kiwe juu yake na isizidi saa moja au mbili kila upande.

Zungusha kichwa kiwe miguuni kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kila miezi mitatu. Godoro la matabaka usilipindue chini juu, zungusha tu.

Moto naomba uuchukulie kwa uzito. Sponji hii inashika haraka mno, na moshi wake una sumu ya kaboni monoksaidi na sayanidi, ambayo inamaliza watu kabla moto haujawafikia. Dawa ya mbu ya kuzunguka, kibatari, mshumaa na sigara vikae mbali na kitanda, juu ya bati au sahani pana, na chandarua kisivifikie. Kipande cha sponji kisitumiwe kuwashia jiko hata siku moja.

Siku unapolileta nyumbani, andika tarehe na kilo zake kwa kalamu ya wino kwenye upande wa chini. Kila mwaka tandaza uzi ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, pima bonde lililo chini yake. Likizidi inchi moja na nusu, muda wake umefika. Halitupwi lote: pembeni, ambako hakuna aliyelala, sponji bado ni nzima. Kata kwa kisu kirefu chembamba kilicholowekwa maji ya sabuni, utapata mito minne ya viti na mto mmoja wa kuegemeza mgonjwa.